Kunoa na Kunyoa: Methali Moja Mbele ya Kinyozi

Katika jaribio la fasihi simulizi tulilofanya mwaka wa pili, tulitakiwa kukamilisha methali kumi na kuzieleza. Mwenzangu mmoja, mzaliwa wa Beni, aliandika hivi: "Mwenzako akinolewa, zako tia maji." Mhadhiri alipiga mstari mwekundu chini ya neno *akinolewa*, akaandika pembeni: "Mtu hanolewi. Ny!" Karatasi zilipopitishwa darasa lilicheka, nami nikacheka pamoja nao. Mwenzangu alipoteza alama mbili, na kwa miezi kadhaa tulimwita Kinoo.

Ninaandika makala haya kwa sababu sicheki tena. Wakati ule sikuwa nimewahi kunoa wembe, wala kunyolewa kwa wembe ulionolewa. Tangu hapo nimefanya yote mawili, na nimefikia maoni kwamba kosa lile lilistahili kuchunguzwa kabla ya kupigwa mstari. Nitaanza na chombo chenyewe, kwa kuwa wengi wetu tunakitaja katika methali bila kukijua.

Wembe wa babu

Nyumbani kwetu Butembo, ndani ya kopo la maziwa ya unga lililojaa vifungo na funguo zisizo na kufuli, kulikuwa na wembe wa kukunja. Ulikuwa wa babu mzaa baba, ambaye kabla ya mwaka 1960 alikuwa mpishi wa mlowezi Mbelgiji kwenye milima ya Lubero. Baba husema kwamba mlowezi alimpa babu siku ya kuondoka. Shangazi husema kwamba mlowezi aliusahau, na babu hakumkimbilia kumkumbusha.

Wembe huo ni kipande kimoja cha feleji. Upande mmoja una mgongo mnene, upande wa pili una makali, na baina yake ubavu umechongwa ukawa na bonde, hata ukiugonga kwa ukucha hulia. Nyuma una mkia mfupi uliopinda, wa kuegemeza kidole. Ukimaliza kazi, unaukunja makali yakaingia kati ya pande mbili za mpini, kwa hiyo mpini ndio ala yake. Wakusanyaji hupima upana wa nyembe hizi kwa sehemu za nane za inchi. Wa babu ni tano kwa nane, yaani karibu milimita 16. Wafaransa huuita kwa utani *coupe-chou*, "kikata-kabichi", na wazee wachache wa mjini kwetu waliosoma zamani bado hulitumia jina hilo.

Shingoni mwake pamegongwa neno SOLINGEN. Jina la fundi limeliwa na kutu. Solingen ya Ujerumani, Sheffield ya Uingereza na Thiers ya Ufaransa ni miji mitatu ambayo nyembe zake zilienea duniani kote. Sheffield ndiko Benjamin Huntsman alikobuni, katika miaka ya 1740, njia ya kuyeyusha feleji ndani ya vyungu vya udongo, ikatoka safi na yenye ugumu ulio sawa kila mahali. Bila ugumu wa namna hiyo, makali membamba kama ya wembe hayadumu.

Lakini msomaji asidhani kwamba wembe uliletwa Afrika na meli. Neno lenyewe linakataa. *Wembe* na *jembe* ni ndugu wa tumbo moja: wataalamu wa Kibantu huyarudisha yote mawili kwenye mzizi *-gembe*, ambao *g* yake imepotea katika Kiswahili kama ilivyopotea katika *enda*. Ngeli ndiyo iliyotenganisha kubwa la kulimia na jembamba la kunyolea. Majirani zetu Wanyarwanda husema *urwembe*. Wahunzi wa eneo hili la maziwa makuu walifua vyote viwili kwa moto uleule kabla Mzungu hajafika, ila wembe wao haukukunjwa. Mimi, mtoto wa wakulima wa Kinande, sikuwahi kuyasikia majembe yetu ndani ya neno *wembe* mpaka nilipofundishwa.

Jileti hainolewi

Kitu kilichouondoa wembe wa babu mikononi mwa watu kina mwaka wake. Kampuni ya King Camp Gillette, Mmarekani, ilianza kuuza vishikio vyenye wembe mwembamba wa kubadilishwa mwaka 1903. Mwaka huo iliuza vishikio 51 na nyembe 168. Mwaka uliofuata vishikio vilipita 90,000. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, jeshi la Marekani liliwapa askari wake vishikio hivyo kwa mamilioni, na vijana walirudi makwao na mazoea mapya.

Huku kwetu jina la kampuni limekuwa jina la kitu. Butembo na Beni, kibapa chochote chembamba chenye makali pande mbili ni *jileti*, hata kama kimetengenezwa na kampuni nyingine. Mashine ya umeme ni *tondeuse*. *Wembe* hubaki vinywani mwa wazee na kwenye karatasi za mitihani. Hata vinyozi wanaoshika kitu kinachofanana na wembe wa babu, ukitazama vizuri utaona kimetiwa nusu ya jileti iliyovunjwa katikati. Jioni nusu hiyo hutupwa.

Hapo ndipo ninapoliona jambo la kiisimu. Jileti hainolewi. Ikishakuwa butu kazi yake imekwisha. Kitenzi *noa* kimeachana na *wembe*, kikabaki na panga na kisu cha jikoni, au kikahamia kwa watu: tunanoa akili, na magazeti ya michezo ya Tanzania huandika kila wiki kwamba kocha fulani anainoa timu fulani. (Kwa hiyo "mtu hanolewi" si kweli hata kwa msomaji wa gazeti.) Kizazi changu kimepokea *noa* na *nyoa* kama maneno mawili yanayofanana kwa sauti tu. Kwa babu yalikuwa hatua mbili za asubuhi moja.

Jiwe la manjano

Nilitaka kuurudisha wembe ule kazini. Nilifanya ujinga ambao ninausimulia ili mwingine asiufanye: niliupeleka kwenye gurudumu la umeme linalonoa mapanga, nikaushika mwenyewe. Cheche ziliruka, na ndani ya sekunde chache ncha yake iligeuka rangi, kwanza ya majani makavu, kisha buluu. Feleji inapokuwa buluu imefika joto la karibu digrii 300, na ugumu ambao fundi wa Solingen aliuweka umeshaondoka mahali hapo. Haurudi kwa kunoa.

Mwenye gurudumu alinihurumia. Alinielekeza kwa mzee mmoja aliyekuwa kinyozi Beni miaka mingi, ambaye sasa anaishi Butembo kwa binti yake. Kutoka mji mmoja hadi mwingine ni kilomita zipatazo 50, lakini yeye huzungumzia Beni kama nchi ya mbali. Nilimwita Papa, naye aliniita mutoto tangu dakika ya kwanza. Aliuchukua wembe, akautazama kwenye mwanga, akagusa sehemu ya buluu kwa kidole.

"Hii sehemu imekufa," alisema. "Ile ingine iko muzima. Utanyoa na ile iko muzima."

Kinoo chake ni jiwe la manjano hafifu lililoshikana na jiwe jeusi chini yake, refu kama kiganja. Nililitambua baadaye kwa kusoma: ni kotikuli, jiwe linalochimbwa Ubelgiji, katika eneo la Vielsalm kwenye milima ya Ardennes. Ndani yake mna punje ndogo sana za garneti, na hizo ndizo zinazokwaruza feleji. Papa alilipata kwa kinyozi aliyemfundisha kazi, na huliita *jiwe ya Wabeleji*. Waliotutawala wamekwenda, na kipande cha mlima wao kimebaki Butembo ndani ya soksi.

Somo lenyewe lilichukua Jumamosi nne. Kwanza maji. Jiwe hunyweshwa, kisha husuguliwa kwa kijiwe kidogo cha jamii yake mpaka litoe uji mweupe ambao yeye huuita *maziwa*. Wembe hulazwa ubapa juu ya jiwe, mgongo na makali vikigusa kwa pamoja. Hili ndilo lililonishangaza zaidi. Kwenye kisu, mkono wako ndio unaoamua kiasi cha kukiinamisha, na mkono hukosea. Kwenye wembe wa kukunja mgongo ndio unaoamua: unene wake umepimwa na fundi ili makali yapate pembe yake yenyewe. Kazi yako ni kutoinua.

Unasukuma makali yakitangulia, kama unayetaka kukata utando juu ya jiwe. Ukifika mwisho unaugeuza wembe juu ya mgongo wake, kamwe si juu ya makali, na kurudi. Mara ishirini, mara thelathini. Unaongeza maji, maziwa yanapungua nguvu, unaendelea, mpaka mwisho unanoa kwa maji matupu. Mimi nilikuwa nikikandamiza. Papa alinipiga kofi dogo mkononi.

"Wembe haiko kisu, mutoto. Usiitie nguvu. Uzito yake inatosha."

Baada ya jiwe huja mkanda wa ngozi, uliofungwa kwenye kitasa cha mlango na kuvutwa. Hapa mwendo unageuka: mgongo hutangulia na makali hufuata. Nilisahau mara moja, nikaukata mkanda wake alama ya urefu wa kucha, na alama hiyo ipo mpaka leo. Jaribio la mwisho ni unywele mmoja ulioshikwa ukaning'inia. Wembe ukiugusa nao ukaanguka bila kuvutika, kazi imekwisha. Wembe wangu uliukata Jumamosi ya tatu, lakini katikati tu. Huku mwisho, kwenye buluu, unywele ulipinda ukateleza.

Zako ni zipi?

Jumamosi ya nne nilimweleza Papa kisa cha jaribio letu. Nilitamka methali kama ilivyo vitabuni, kisha kama alivyoiandika Kinoo, na kumwuliza ipi ni sahihi. Hakuelewa kwa nini ninamwuliza. Kwake zote mbili zilikuwa maagizo ya kazi.

Kwanza ya vitabuni. Sisi darasani huieleza kama onyo: msiba ukimpata jirani, jiandae, zamu yako yaja. Si makosa. Lakini katika baraza la Papa kule Beni palikuwa na benchi la wanaosubiri, na chini ya benchi palikuwa na ndoo. Mmoja akikaa kitini, anayefuata alitakiwa kuanza kulowesha kichwa au ndevu zake papo hapo. Unywele uliokunywa maji kwa dakika chache hulainika na kukatika kwa nguvu ndogo zaidi. Unywele mkavu hupigana na makali, na ngozi ndiyo inayolipa. Wanaosema leo, Nairobi au Dar es Salaam, kwamba fulani "amenyolewa bila maji" wanajua uchungu huo hata kama hawajaonja. Kwa hiyo maji ya methali hii yanapunguza maumivu, na pia yanaokoa muda wa kinyozi. Sijawahi kuona maelezo ya darasani yanayoitaja ndoo.

*Zako* inakubaliana na nomino isiyotajwa. Ni ngeli ya *nywele*, na hakuna anayesema *nywele* kwa kuwa kila aliye kwenye benchi anajua. Lakini *nyembe* nazo ni za ngeli hiyohiyo. Nyembe zako, tia maji. Papa aliniambia kwamba zamani baadhi ya wateja walikuja na nyembe zao wenyewe, akazinoa kwa zamu. Mwenzako akinolewa wake, wewe ulianza kuulowesha wako, kwani jiwe huendeshwa kwa maji na wembe mkavu huchelewesha kazi.

"Akinolewa wake": hapo sarufi inasimama upande wa Kinoo. Tunajua kwamba vitenzi kama *toa*, *noa* na *nyoa* vimepoteza *l* ya kale, na kwamba *l* hiyo hufufuka tukiongeza kiambishi. Kutendwa kwa *noa* ni *nolewa*: wembe unanolewa. Kutendea ni *nolea*: kinyozi anamnolea mteja wembe. Tukikiweka *nolea* katika kutendwa tunapata nini? *Nolewa* tena. Mteja ananolewa wembe. Maumbo mawili tofauti yamekutana katika umbo moja, na ndiyo maana mtu anaweza kunolewa bila kugeuzwa chuma. *L* hiyohiyo ndiyo inayogeuka *z* mbele ya *i* na kutupatia *kinyozi* kutoka *nyoa*, kama *mjuzi* kutoka *jua*.

Sidai kwamba methali ilianza na *akinolewa*. Ushahidi wote wa maandishi uko upande wa *ny*, na mhadhiri wetu, nilipompelekea hoja hii, alisema kwamba swali lilitaka methali kama inavyosemwa na Waswahili, si kama ingeweza kusemwa. Nakubali. Alama mbili zilipotea kwa haki. Ninachokataa ni maelezo ya pembeni. Sentensi ya Kinoo ina sarufi timamu na ina maana, na maana hiyo ilikuwa ikitumika Beni mbele ya ndoo. Nilimwuliza Kinoo kama aliwahi kuisikia hivyo. Alijibu kwamba nyumbani kwao ndivyo babu yake alivyosema, na kwamba darasani aliona aibu kulitaja jambo hilo.

Klorini

Kwa nini Papa hanyoi tena watu? Tarehe 1 Agosti 2018 mlipuko wa Ebola ulitangazwa, wagonjwa wa kwanza wakiwa Mangina, karibu na Beni. Ulidumu mpaka tarehe 25 Juni 2020: watu 3,470 waliugua na 2,287 walikufa, wengi wao katika maeneo ya Beni, Butembo na Katwa. Ugonjwa hupita katika damu na majimaji ya mwili. Wembe unaopita shingo baada ya shingo, katika miezi ile, haukuwa chombo cha mtu mwenye akili.

Papa alijaribu kwanza kuendelea. Aliambiwa kwamba vifaa husafishwa kwa klorini ya asilimia 0.5, akatia nyembe zake sita ndani ya beseni, akaziacha usiku kucha ili awe na hakika. Klorini huua virusi, na huila feleji ya zamani. Asubuhi alikuta makali yamejaa vishimo kama vya mchwa. Mbili alizinoa mpaka vishimo vikaisha na nyembe zenyewe zikawa nyembamba kama majani. Nne alizitupa chooni. Alifunga baraza wiki hiyo, na alipohamia Butembo hakufungua jingine.

Sikusikia malalamiko katika simulizi hii. Alisema waziwazi kwamba hata bila Ebola desturi ya wembe mmoja kwa watu wengi ilipaswa kufa, kwa sababu ya UKIMWI na homa ya ini, na kwamba angeifunga kazi mapema zaidi kama angejua. Kwa hiyo alinifundisha kwa sharti moja: wembe wangu haugusi uso wa mtu mwingine, hata wa ndugu yangu. Anayeutamani huu ujuzi autamani kwa sharti hilo.

Kwa uso wa mtu mmoja una faida ambayo sikuitarajia. Sisi wenye nywele za kujikunja tunateswa na vipele vya shingoni. Vishikio vya kisasa vyenye nyembe kadhaa huvuta unywele na kuukata chini ya ngozi, nao ukiota hujipinda na kuchoma nyama kutoka ndani. Wembe mmoja, ukishikwa kwa pembe ya kama digrii 30, ngozi imevutwa kidogo na ndevu zikifuatwa zinakoelekea, hukata usawa wa ngozi na kuishia hapo. Vipele vyangu vimepungua. Chini ya sikio la kushoto, ambako ningelazimika kutumia ile ncha ya buluu, bado ninatumia jileti.

Kuna methali nyingine isemayo kwamba kinyozi hajinyoi. Papa hujinyoa kila Jumapili kabla ya misa, bila kioo, kidole cha mkono wa kushoto kikitangulia kuonyesha njia. Nilipomkumbusha methali alisema aliyeitunga alikuwa na wateja.

Nimeanza kuandika msamiati wake. Mpaka sasa nina maneno 31, mengi ya Kiswahili, machache ya Kinande, mawili ya Kifaransa yaliyovaa sauti zetu. Mengine hayamo katika kamusi zilizo kwenye maktaba yetu kwa maana anazozitumia yeye: *maziwa* ya jiwe, *kufa* kwa makali, *kulisha* mkanda, yaani kuupaka mafuta kidogo. Pengo kubwa liko kwenye ule mgeuzo wa wembe juu ya mgongo wake mwishoni mwa kila safari ya jiwe. Nimemwuliza jina lake mara tatu. Kila mara huchukua wembe, hugeuza, na kusema: "Hivi."